Baridi Itokayo Motoni

Kaskazi ya mwaka huu imefanya joto la Dar es Salaam kuwa mazungumzo ya kila baraza, na kila mazungumzo ya joto huishia katika malalamiko ya umeme, kwa kuwa mtu wa leo aliyekwisha kuzoea kiyoyozi haamini kwamba baridi yaweza kupatikana pasipo waya. Katika mabishano hayo imezuka hoja ambayo vijana waliosoma uhandisi huitoa kwa shauku kubwa: ya kwamba, maadamu nchi imejaaliwa gesi asilia, na maadamu gesi hiyo sasa inaendesha magari na bajaji mjini, kwa nini isiunganishwe moja kwa moja na mitambo ya kupoza majengo, ili hospitali, shule, misikiti na makanisa yapate baridi hata saa ambazo umeme umekatika? Wazee wenzangu huwacheka, wakidhani ni masihara, kwani moto na baridi kwao ni mahasimu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mimi siwacheki vijana hao, kwa sababu sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliipitisha mbele ya mitambo ya namna hiyo hiyo wanayoitamani; walakini siwaungi mkono kwa jumla, na sababu za kusita kwangu nilizipata pale pale nilipojifunza kuistahi mitambo yenyewe.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje, katika siku ambazo taa ya umeme ilikuwa jambo la kusimuliwa na wasafiri waliotoka Dar es Salaam. Hata hivyo, katika duka moja lililoelekea bahari palikuwa na friji jeupe, refu kuliko mtoto wa umri wangu, na chini yake, kwa upande wa nyuma, palikuwa na tangi bapa la mafuta ya taa lenye utambi, likiwaka usiku na mchana. Mwenye duka aliuza humo maji ya ukwaju na vipande vya barafu ya rangi, nasi watoto, aghalabu tusio na senti mfukoni, tuliinama sakafuni tukiutazama ule moto kwa zamu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku moja. "Moto huu ni wa kazi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Huo ndio unaogandisha barafu."

"Na ukizimika?"

"Ukizimika, barafu yote inakuwa maji, nami ninapata hasara."

Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba mzee yule amenifanyia mzaha, kama watu wazima wafanyavyo kwa mtoto mwenye maswali mengi. Ilinibidi nikue, niende chuo cha ufundi Dar es Salaam, nikalishwe kanuni za joto na mvuke, ndipo nifahamu kwamba alinijibu kweli tupu, tena kwa maneno machache kuliko walimu wangu. Friji lile lilitokana na kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliobuni mwaka 1922 namna ya kupata baridi kwa amonia, maji na hidrojeni vilivyofungiwa ndani ya mabomba ya chuma, bila kitu chochote cha kuzunguka wala kusukuma. Kampuni ya Electrolux ikaanza kuyauza mafriji hayo mwaka 1925. Wala Waswidi hao hawakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1820 Michael Faraday wa Uingereza alikwisha kuona kwamba amonia, ikitolewa kwa moto katika kitu kilichoifyonza, na kugeuka kioevu upande wa pili wa bomba lililozibwa, huchemka yenyewe na kuleta baridi kali pindi moto uondolewapo. Naye Ferdinand Carré wa Ufaransa, mwaka 1859, alipewa hataza ya mtambo mzima wa kugandisha barafu kwa amonia na maji. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kusini yalipozingirwa yasipate barafu ya kutoka Kaskazini, baadhi ya mitambo ya Carré ilipenyezwa kwa magendo hadi huko. Basi hoja ya vijana wetu, inayosemwa kuwa mpya, ina umri mkubwa kuliko waya wa kwanza wa umeme kufika pwani hii.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilinirudisha kusini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanzisha mpango wake wa chanjo kwa watoto wote mwaka 1974, na nchi kama yetu zikapata wajibu mzito wa kufikisha chanjo katika zahanati zisizo na umeme, chanjo ambazo sharti zitunzwe katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi mkononi mwa mtoto. Chombo kilichotegemewa kilikuwa ni lile lile friji la mafuta ya taa, nami nikawa fundi wa kuyazungukia katika vijiji vya ndani, juu ya malori ambayo yenyewe yalihitaji fundi.

Hapo ndipo nilipofahamu kanuni ambayo darasani niliikariri tu. Muuguzi alipopaka spiriti juu ya mkono wa mtoto kabla ya sindano, mtoto alishtuka kwa baridi, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke hunyang'anya joto la ngozi. Na amonia ndani ya friji haifanyi zaidi ya hayo. Taabu yote ni namna ya kuurudisha mvuke ule uwe kioevu, ili unyang'anye joto tena. Kiyoyozi cha umeme huurudisha kwa nguvu, kwa kompresa inayoushindilia. Friji la mafuta ya taa huurudisha kwa hila: maji huufyonza mvuke wa amonia, kisha moto huyachemsha maji yale mpaka yaiachilie amonia, ipande, ipoe, ishuke ikiwa kioevu, na kuanza safari yake upya. Moto, kwa hiyo, haugeuki baridi. Kazi yake ni kuziachanisha amonia na maji, kila mara zinapokutana.

Utaratibu huo hauna kelele, na kwa sababu hauna kelele watu hudhani hauna masharti. Friji likiinama kidogo tu, vioevu vilivyomo ndani haviteremki kwa uzito wake kama inavyotakiwa, na baridi hukoma. Nilitembea na pimamaji mfukoni zaidi kuliko nilivyotembea na bisibisi, na mara nyingi tiba yote ilikuwa ni kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Utambi ukikatwa vibaya, moto huwa wa manjano badala ya buluu, masizi hujaa katika bomba la moshi, na joto linalohitajika halifiki. Mafuta ya taa yakitiwa maji na wauzaji wasio na insafu, moto hutapatapa na kuzimika usiku. Na usiku wa baridi, moto ukiachwa mkubwa, friji hugandisha mpaka likaharibu chanjo ya pepopunda, ambayo kuganda huiua sawasawa na joto. Lililokataa kabisa kupoza baada ya kurushwarushwa njiani tulilimwaga mafuta, tukalipindua kichwa chini miguu juu, tukaliacha hivyo kwa muda mrefu, kisha tukalisimamisha, tukangoja litulie, na kuliwasha. Mara nyingi lilipona. Wanakijiji waliotuona waliamini kwamba tunafanya uganga, nasi, kwa kuwa walituletea madafu, hatukufanya haraka ya kuwasahihisha.

Katika zahanati moja ng'ambo ya mto Matandu palikuwa na muuguzi ambaye friji lake halikuniita hata mara moja. Nilikwenda kwa zamu ya kawaida tu. Kadi yake ya joto ilikuwa imeandikwa asubuhi na jioni bila kuruka siku, na kando ya tangi palikuwa na mkasi mdogo usiotumiwa kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa utambi.

"Dada, wewe umejifunza wapi?" nilimwuliza.

"Fundi," alinijibu, "mliniambia humu ndani hamna mashine. Basi nikajua mashine ni mimi."

Sikupata kusikia maelezo bora zaidi ya tofauti iliyopo baina ya mtambo wa moto na mtambo wa umeme. Ule wa umeme ukiharibika hupiga kelele, hunguruma, hukata fyuzi, na kumlazimisha mtu kumwita fundi. Huu wa moto hupungua nguvu kimya kimya, na asiyeuangalia kila siku hugundua siku ambayo kilichomo ndani kimekwisha kuharibika.

Katika miaka ya 1980 nilipata njia ya kwenda Marekani, nami nikaajiriwa na kampuni ya matengenezo katika jimbo la Texas. Nilitegemea kufundishwa mambo ambayo sijawahi kuyaona. Siku za mwanzo walinipeleka nyuma ya kanisa moja kubwa lililojengwa kwa matofali, na huko, katika ua uliozungushiwa wavu, nilikuta masanduku ya chuma yamepangwa kwa safu, kila moja likipanda kimo cha mtu, feni juu, na chini moto wa gesi uliokuwa ukivuma. Nje jua la Julai lilikuwa limeilainisha lami. Ndani ya kanisa, waumini walivaa makoti. Yule fundi mzee aliyenipokea hakujua kwa nini nacheka; alidhani nimechanganyikiwa na joto.

Ilikuwa ni kanuni ya duka la Kilwa, iliyokuzwa ikabeba jengo. Tofauti yake kubwa ni kwamba hapa hakukuwa na hidrojeni, bali upande mmoja wa mtambo una shinikizo kubwa na upande wa pili dogo, na baina yake ipo pampu. Moto wa gesi huchemsha chombo cha chuma kilichosimama wima, kilichojaa maji yenye amonia. Na kwa kuwa amonia ikiachwa katika hewa ya kawaida huchemka ingali na baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri, huyaacha maji upesi na kupanda. Mvuke huo hubeba maji kidogo, nayo hurudishwa chini kabla hayajaponyoka, maana yakiingia upande wa baridi huudhoofisha mtambo wote. Mvuke uliotakata hupita katika koili za nje, feni ikizipulizia hewa, ukawa kioevu. Kioevu hupenyezwa katika tundu jembamba hadi upande wa shinikizo dogo, kikachemka tena, safari hii kwa kunyang'anya joto la maji safi yatiririkayo juu ya mabomba yake. Maji hayo, wala si amonia, ndiyo yaliyoingia kanisani, yakitoka mtamboni na nyuzi kama 7 na kurudi na 12 au 13, baada ya kupita katika masanduku ya feni yaliyofichwa darini. Amonia yenyewe haikuvuka ukuta. Sheria zao hazikuruhusu, na sheria hizo zilikuwa na haki.

Swali langu lilikuwa juu ya hatua ya mwisho: mvuke uliokwisha kazi hurudije katika maji? Mzee yule hakuchora mchoro. Tulikuwa tunautoa mtambo mmoja uliokwisha umri wake, naye akafunga mpira mrefu kwenye valvu, ncha ya pili akaitumbukiza katika pipa la maji, akafungua taratibu, akanipa ishara nisogee kwa upande utokako upepo. Nilitegemea kuona mapovu yakipanda. Hayakupanda. Yalitokea kwenye ncha ya mpira, yakapiga mlio mdogo wa kupasuka, yakatoweka kabla ya kufika juu, kama kwamba maji yanayameza. Ujazo mmoja wa maji huweza kufyonza mamia ya ujazo wa amonia. Kisha akaniambia nishike pipa. Lilikuwa la moto. Hapo nikafahamu kwa kiganja jambo ambalo vitabu havikunikazia: maji yanapofyonza amonia hutoa joto, na joto hilo sharti lifukuzwe, la sivyo maji huchoka kufyonza na mtambo husimama. Alinihadharisha pia nisifunge valvu huku mpira ungali majini, kwa sababu maji yenye uchu kiasi hicho huivuta amonia iliyobaki na kujivuta yenyewe ndani ya mpira hadi kwenye valvu.

Maji yaliyokwisha kufyonza husukumwa kurudi motoni, na kusukuma kioevu ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na kushindilia mvuke. Ndiyo maana sanduku moja la tani 5, yaani lenye uwezo wa kuondoa joto linaloyeyusha tani 5 za barafu kwa usiku na mchana, liliridhika na umeme wa pampu na feni tu. Vijana wetu wanapoisikia habari hii huishia hapo, na wakiishia hapo wanakuwa na haki ya kushangilia. Tabu huanza mtu akiuliza gesi kiasi gani iliungua.

Mzee yule alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu enzi za Servel, kampuni ya Evansville katika jimbo la Indiana iliyonunua haki za friji la akina Platen na kuziuzia nyumba za Marekani mafriji ya gesi kwa mamilioni. Mwaka 1957 ufundi wake wa gesi uliuzwa kwa kampuni ya Arkla, iliyokuwa ya wauza gesi wa Arkansas na Louisiana, na sababu ya wauza gesi kujitia katika biashara ya baridi aliniambia bila kuzungukazunguka: mabomba yao yalishughulika wakati wa baridi, watu walipowasha majiko ya kupasha nyumba, lakini wakati wa kiangazi yalilala. Kampuni za gesi zilitaka mteja wa kiangazi, na mteja wa kiangazi ni kiyoyozi. Gesi ilikuwa rahisi, hakuna aliyehesabu. Baada ya misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na miaka iliyofuata, bei ya gesi ilipopanda na kompresa za umeme zikawa bora mwaka hata mwaka, mahesabu yakageuka, na yale masanduku ya nyuma ya makanisa yakaanza kung'olewa moja baada ya jingine. Ufundi wenyewe haukufa. Leo kampuni ya Robur ya Italia ndiyo iliyourithi na kuuendeleza. Lakini kilichouza mitambo ile Texas hakikuwa ubora wake peke yake. Ilikuwa ni gesi isiyo na mnunuzi. Nchi inayotaka kuiga haina budi kujiuliza kwanza kama gesi yake nayo imekosa mnunuzi.

Jambo jingine nililojifunza huko lilihusu harufu. Asubuhi moja tuliitwa kwenye jengo la ofisi lililokuwa na shule ya watoto wadogo jirani, kwa kuwa walimu walisikia harufu kali iliyowachoma macho. Tulipofika watoto walikwisha kuhamishiwa upande wa pili, na mtu yeyote mwenye pua angeweza kutuelekeza njia. Mzee aliwasha kijiti cha kiberiti, ile salfa ya mafundi, akakipitisha polepole kando ya maungio. Mahali pamoja moshi wake uligeuka mweupe na mzito ghafla, na hapo ndipo palipokuwa na ufa usioonekana kwa jicho. Amonia ni sumu, haistahili masihara. Lakini ina adabu moja, kwamba hujitangaza mapema, ikiwa ingali kidogo sana kumdhuru mtu. Tena ikitoroka hewani haitoboi tabaka la ozoni wala haizidishi joto la dunia, tofauti na gesi nyingi za viyoyozi vyetu, ambazo mataifa yalikubaliana katika mji wa Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza hatua kwa hatua.

Kitu kilichonitia hofu zaidi hakikuwa na harufu. Mitambo ile ni ya chuma kitupu, kwa sababu amonia yenye unyevu hula shaba, na ili maji nayo yasile chuma, viwanda vilitia ndani dawa ya kromati, maji ya manjano yaliyokoza, yasiyonuka, ambayo ni sumu na huleta saratani. Kampuni moja tuliyoifanyia kazi, sina haja ya kuitaja, ilikuwa na desturi ya kuagiza mtambo mkongwe ukiisha kutolewa amonia umwagwe katika mfereji wa mvua, kwani pipa maalumu la taka hizo lilikuwa na gharama. Mzee alikataa mbele ya msimamizi, akaketi juu ya sanduku lake la vyombo, akasema atangoja pipa. Pipa lilikuja jioni. Baada ya hapo hakupangiwa tena kazi nzuri. Nalieleza hili kwa sababu nasikia mitambo ya gesi ikisifiwa hapa kwetu kuwa ni safi. Moto wake ni safi, na amonia yake ni safi kwa kiasi chake, lakini sijasikia mtu akiuliza maji yale ya manjano yatapelekwa wapi miaka ishirini baadaye.

Niliporudi nyumbani, gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, mbele ya pwani yetu ya Kilwa, ilikuwa imekwisha kufika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, na kuzalisha umeme Ubungo. Furaha yangu haikuwa na kifani. Hata hivyo, nilipokaa chini na kalamu, ile dhana ya vijana niliyokuwa nayo mimi mwenyewe moyoni haikustahimili hesabu. Choma gesi yenye joto la vizio 100 chini ya mtambo wa amonia, nao utakuondolea jengoni joto la vizio 50, au 60 na ushee ukiwa mpya na wa aina bora. Chukua gesi hiyo hiyo uichome katika kituo cha umeme cha kawaida tu, kisicho cha fahari, kinachogeuza theluthi yake kuwa umeme. Toa upotevu wa nyaya. Mpe umeme uliobaki kiyoyozi kizuri kinachohamisha vizio 3 vya joto kwa kila kizio cha umeme, nawe utapata baridi ya vizio 80 na zaidi. Katika kituo cha kisasa kitumiacho joto la moshi wake mara ya pili, tofauti huwa maradufu.

Fauka ya hayo, kuna joto la kutupa nje. Kiyoyozi cha umeme, kwa kila kizio cha joto kinachokitoa chumbani, hutupa nje kizio kimoja na theluthi hivi. Mtambo wa amonia hutupa takriban vitatu, kwa sababu hutupa joto la chumba pamoja na joto la moto wake. Texas palikuwa na nafasi nyuma ya kanisa. Kariakoo, ambako dirisha la jirani li umbali wa mkono, joto hilo lingepulizwa juu ya kitanda cha mtu mwingine. Na hewa ya nje inapozidi kuwa ya moto, ndivyo maji yanavyoshindwa kufyonza, kwa hiyo mtambo hulegea saa zile zile ambazo unahitajiwa.

Je, basi ninasema mitambo hii haina mahali kwetu? La, hasha. Nasema inatafutiwa moto mahali pasipo pake. Kila hoteli kubwa, kila hospitali na kila kiwanda cha samaki katika pwani hii kina jenereta, na kila jenereta inapowaka, theluthi moja tu ya joto la mafuta yake, au kupita kidogo, ndiyo inayokuwa umeme. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwa bomba la moshi na kwa maji ya kupozea injini, ikaungana na joto la mji ambalo sote tunalilalamikia. Joto hilo limekwisha kulipiwa. Mtambo wa amonia haujali kama joto limetoka katika gesi, mafuta ya taa au bomba la moshi, mradi lifike. Hesabu niliyoitoa juu, inayoushinda mtambo huu kila mara unapochomewa gesi mpya, haina nguvu juu yake unapolishwa joto lililokuwa litupwe. Na panapohitajika kugandisha, mathalan kwenye maghala ya samaki, amonia haina mpinzani miongoni mwa mitambo ya kufyonza, kwa maana ile ndugu yake itumiayo maji na chumvi ya lithiamu, ambayo hupoza majengo makubwa duniani, haiwezi kushuka chini ya nyuzi sifuri bila maji yake kuganda.

Basi ninawaomba wahandisi vijana, kabla hawajaandika maombi ya kuvutiwa bomba la gesi kwa ajili ya viyoyozi, wachukue kipimajoto cha fundi waende wakasimame nyuma ya jenereta ya hospitali yao saa umeme unapokatika. Na wakiisha kupima, wamtafute na mtu wa kuuangalia mtambo kila siku, wamlipe vizuri, kama yule dada wa ng'ambo ya Matandu ambaye hakulipwa vizuri. Moshi wa injini ya dizeli iliyobeba mzigo mzito hutoka na joto la nyuzi 400 hivi. Mtambo wa amonia hutosheka na chini ya 200.